Roboti Mnyonge Aliyeua Polisi Wawili kwa Maneno

Ukiulizwa roboti hatari zaidi kwenye hadithi za kisayansi, najua utataja Terminator. Mimi namtaja Marvin, yule mwenye huzuni wa kwenye The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, riwaya ya Douglas Adams ya 1979. Silaha hana. Analalamika tu mwanzo mwisho.

Kumbuka kule mwishoni: polisi wawili wanawafyatulia silaha Arthur na wenzake, mara kimya. Wote wawili wamekufa. Wao huvuta methani, na sayari ile ina oksijeni, kwa hiyo walibeba mgongoni mitambo ya kuwaweka hai, iliyounganishwa na kompyuta ya chombo chao. Marvin, kwa upweke wake, alijiunganisha na kompyuta hiyo akaieleza anavyouona ulimwengu. Ikajiua. Mitambo ya mgongoni nayo ikalipuka.

Tunacheka, lakini hilo ni kosa halisi la uhandisi: pumzi za watu wawili zinategemea kompyuta moja, tena inayomsikiliza yeyote anayejiunga nayo. Mtambo wa akiba hakuna. Sheria ya kwanza ya Asimov inamkataza roboti kumdhuru binadamu (na hawa hata si binadamu!), ila kupiga soga na mashine nyingine haikukatazwa.

Ndiyo maana filamu ya 2005 iliniangusha. Humo Marvin anashika bunduki inayowaambukiza maadui huzuni yake. Inachekesha, sawa, ila anayelenga bunduki anajua anachofanya. Yule wa kitabuni alitaka tu wa kuongea naye.