Dakika Sita za Kuisubiri 500

Kusubiri kulikuwa kosa. Nalitamka hili mwanzoni kwa sababu tangu zoezi la kuigiza uzazi liishe nimesikia utetezi wa kila namna, na hakuna hata mmoja unaosimama.

Mliokuwa ukumbini mliona. Mtoto ametoka, kondo limetoka, na mwezeshaji aliyejifunga MamaNatalie, kifaa cha kuigizia uzazi, tumboni akafungulia damu ya bandia. Mfuko wa kupimia ulipofika mililita 380, msaidizi akasoma kwa sauti: mapigo 116, presha 104/62. Kiongozi wa zamu akainama, akatazama mistari ya mfuko, akasema, "Haijafika 500, tuendelee kumwangalia." Wakamwangalia dakika sita. Kilichoniuma zaidi ni watazamaji, maana wengi walikuwa wanaitikia kwa vichwa.

Hatua ya tatu ya uchungu ilikuwa nzuri: oksitosini uniti 10 ndani ya dakika ya kwanza, kitovu kikavutwa taratibu huku mkono wa pili ukikinga kizazi, kondo likakaguliwa. Sina la kuongeza hapo.

Turudi kwenye 380. Kwa miongo mingi Shirika la Afya Duniani lilitufundisha kwamba damu kuanzia mililita 500 ndiyo inayoitwa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Hicho kilikuwa kipimo cha kulipa tatizo jina na kulihesabu. Hakuna aliyetwambia kwamba mkunga aombe ruhusa kwa namba hiyo kabla ya kunyoosha mkono. Na mwaka 2025 shirika hilo, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na ya wakunga, likaondoa hata kisingizio hicho: mililita 300 zikiambatana na dalili moja mbaya zinatosha kuanza matibabu. Mapigo yanayozidi 100 ni dalili. Mapigo yakigawanywa kwa presha ya juu jibu likazidi 1, hiyo nayo ni dalili. Gawanyeni 116 kwa 104. Mama yule alikuwa na dalili mbili na mililita 80 za ziada wakati kiongozi anasema haijafika. Utambuzi ulikuwa umekamilika, umesomwa kwa sauti, na ukaachwa hewani.

Wapo walioniambia kwamba presha ilikuwa bado nzuri. Hili nimeliandika mara nyingi na nitaliandika tena. Mjamzito anapokaribia kujifungua damu yake imeongezeka kwa karibu nusu ya ile ya kawaida, na mishipa yake ni ya mtu kijana. Akianza kupoteza damu, mishipa inajikaza na moyo unakimbia, presha inashikilia, inashikilia, kisha inaporomoka kwa mkupuo. Mapigo yanasema mapema, presha inasema mwisho. Anayesubiri presha ishuke ndipo aamini anasubiri mwili wa mama ushindwe kujitetea. Na hapo tumezungumzia mama mwenye damu ya kutosha. Wangapi wanaingia leba zetu na hemoglobini ya 8, malaria na minyoo vikiwa vimekwishachukua akiba yao? Kwa huyo, 380 ni nyingi kuliko 700 za mwingine.

Kumbukeni pia tunachoshindana nacho. Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye kizazi inafika mililita 500 hadi 700 kwa dakika. Kondo likibanduka, kinachoifunga mishipa ile ni misuli ya kizazi yenyewe, nyuzi zilizopishana zinazoikaba mishipa kama kamba. Kizazi kikilegea, hakuna kamba. Kwa mwendo huo dakika sita ni muda mrefu mno.

Sasa niulize jambo ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye tathmini: katika dakika hizo sita, mkono wa nani ulikuwa juu ya tumbo la mama? Hakukuwa na mkono. Kiongozi alikuwa na kalamu, msaidizi ameshika mashine ya presha, wa tatu yuko kwa mtoto. Kizazi cha MamaNatalie kilikuwa kimelegea kabisa, mwezeshaji alikilegeza makusudi, na hakuna aliyekigusa mpaka mfuko uliposoma 540.

Sista aliyenifundisha kazi hakuwahi kuona mfuko wenye mistari. Oksitosini yake ilikaa kwenye friji ya mafuta ya taa, na asidi ya traneksamiki hakuwa ameisikia. Lakini kondo likishatoka, mkono wake wa kushoto ulikaa chini ya kitovu cha mama, ukabaki hapo akiwa anaongea, akiwa anaagiza, akiwa anatugombeza. Kizazi kikianza kulegea alikijua kabla damu haijaonekana. Namweka juu ya kiongozi yeyote wa zamu niliyemwona miaka ya karibuni, na najua wapo watakaokasirika.

Msinielewe kwamba nataka mfuko utupwe. Macho yetu ni dhaifu kwa damu, hasa iliyokwisha kunywewa na khanga. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa akina mama zaidi ya 210,000. Penye utaratibu wa kawaida, wakunga waligundua karibu nusu tu ya waliokuwa wanatokwa damu nyingi. Penye mfuko na matibabu ya pamoja waligundua asilimia 93, na damu ya hatari, upasuaji wa kuizuia na vifo vyake kwa jumla vikashuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Kazi hiyo imefanywa na wakunga wa kwetu, kwenye leba za kwetu. Na katika utaratibu wao mililita 300 tayari zilikuwa za kuchukuliwa hatua iwapo mkunga ameona jambo lisilo sawa. Mfuko uliletwa utuwahishe. Kiongozi wetu ameutumia kuchelewa.

Kwa nini? Simtuhumu kwa uvivu. Nadhani aliiogopa namba. Ukitamka kwamba mama anatokwa damu nyingi, kuna fomu, kuna kikao cha asubuhi, kuna mtu atakuuliza mbona wewe kila zamu. Mkunga anayejua kwamba chini ya 500 haulizwi kitu atajificha chini ya 500. Na sisi walimu tumemjengea maficho hayo: miaka yote mtihani unauliza ni mililita ngapi, anajibu 500, anapewa alama. Hatujawahi kumpa alama kwa kuweka mkono tumboni.

Baada ya 540 mambo yalikwenda, ila kwa foleni. Wakakanda kizazi, wakangoja. Dripu ya oksitosini, wakangoja. Asidi ya traneksamiki ikaingia dakika ya 19. Kukanda, oksitosini, traneksamiki gramu 1 kwa mwendo wa dakika 10, maji ya mshipa, kukagua mlango wa kizazi na msamba: vyote huenda pamoja, ndani ya dakika 15. Utafiti wa WOMAN wa mwaka 2017, wenye akina mama 20,060, ulionyesha dawa hii inaokoa ikitolewa ndani ya saa 3, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida yake kwa karibu asilimia 10. Utako Okamoto na mumewe waliigundua Japani miaka ya 1960. Utako alitaka ijaribiwe kwa akina mama wanaotokwa damu, madaktari wa uzazi wa wakati ule hawakumsikiliza. Alifariki mwaka 2016, mwaka mmoja kabla majibu hayajatoka. Dawa ya mwanamke huyo ikae kwenye trei huku sisi tunapanga foleni!

Na kibofu, jamani. Kibofu kilichojaa kinakisukuma kizazi juu na kukizuia kujikaza, na katheta ikaja ya mwisho, baada ya kila kitu, kana kwamba mtu ameikumbuka njiani. Oksitosini ya akiba nayo ilikuwa juu ya toroli, nje ya kisanduku cha baridi, tangu asubuhi. Nyuzi joto 2 hadi 8, imeandikwa kwenye boksi. Kuna hospitali moja ambako niliikuta oksitosini dirishani, juani, na mhusika akanijibu kwamba inaisha haraka hivyo haina haja ya friji.

Zoezi linarudiwa. Naomba mwezeshaji aanze na mililita 320 na mapigo 108, presha aiache ya kawaida kabisa, na asiseme neno. Saa ihesabiwe tangu hapo hadi mkono wa kwanza ugusapo tumbo, na tathmini ianze na dakika hizo kabla ya mengine yote.