Pengo Si Badiliko

Sifa ya kwanza ambayo wapiga gitaa huzipa mashine za kidijitali zinazoiga amplifaya ni kwamba sauti hubadilika bila mtu kujua. Unapiga ubeti kwa sauti safi, unakanyaga kitufe, unaingia kwenye solo kwa sauti nzito, na msikilizaji hajui umeingia saa ngapi. Sifa hii sasa imekuwa kipimo cha ufundi. Mpiga gitaa hodari ni yule ambaye mabadiliko yake hayasikiki.

Kipimo hicho nakipinga. Mashine zenyewe sizilaumu. Tatizo ni kwamba kipimo kinachanganya vitu viwili, pengo na badiliko. Pengo ni kasoro ya chombo. Badiliko ni uamuzi wa mwanamuziki. Mashine inapoondoa la kwanza, imetusaidia. Ikitufundisha kulificha la pili, imetupunguzia muziki.

Tuanze na pengo. Mashine hizi ni kompyuta. Tangu Roland walipotoa VG-8 mwaka 1995, na Line 6 wakatoa POD mwaka 1998, kazi yake imekuwa ileile: kuchukua mawimbi ya nyuzi na kuyapitisha kwenye hesabu zinazofanana na amplifaya, spika na mwangwi. Mpiga gitaa huhifadhi mpangilio mmoja kwa ajili ya ubeti na mwingine kwa ajili ya solo. Anapohama, prosesa inapaswa kuondoa hesabu za kwanza na kupakia za pili. Hapo sauti hukatika kidogo, na mara nyingi mwangwi wa noti ya mwisho hukatika nayo. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini mpiga ngoma ameshaisikia, na mchezaji aliyekuwa anainua mguu ameshaisikia pia.

Dawa ilikuja kwa njia ya busara. Mwaka 2016 Line 6 waliongeza snapshoti katika mashine yao ya Helix. Badala ya kuhama kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine, unabaki ndani ya mpangilio uleule. Amplifaya zote na mwangwi wote vimeshapakiwa. Kinachobadilika ni kipi kimewashwa, kipi kimezimwa, na kila kitasa kimefika wapi. Unaweza kuweka hali nane kama hizo katika mpangilio mmoja, na mwangwi wa ubeti ukaendelea kufifia wakati solo imeshaanza. Fractal na Neural DSP nao wana njia inayofanana. Gharama yake ni kwamba kila unachokitaka lazima kitoshe ndani ya prosesa kwa wakati mmoja, kwa hiyo unalazimika kuchagua. Hilo mimi naliona ni faida.

Hapa Unguja lipo pengo jingine ambalo snapshoti hailitibu. Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na wanaokumbuka giza la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa maana yake. Umeme ukipepesa kwa nukta moja tu, mashine huzima, na huanza upya kwa starehe yake huku bendi ikisubiri. Udi hauna habari na mambo hayo. Kwa hiyo mtu anayehesabu gharama ya kubadilisha sauti bila pengo kisiwani, ahesabu na betri ya akiba.

Sasa tuje kwenye badiliko. Muziki wa pwani yetu na wa dansi wa bara ulilishughulikia jambo hili kabla ya mashine kuzaliwa.

Bendi ya dansi iligawa sauti kwa watu. Katika Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, palikuwa na gitaa la solo, gitaa la pili, gitaa la ridhimu na besi, kila moja na nafasi yake. Wakongo walifanya vivyo hivyo, wakaweka na lile la katikati wanaloliita mi-solo. Wimbo ulianza taratibu, maneno yakasikika, kisha ukafika kwenye chemko: mwendo ukapanda, gitaa la solo likatoka mbele, mengine yakasogea kulipisha. Hilo ndilo lilikuwa badiliko la sauti, na lilifanywa na mikono ya watu waliokuwa wakisikilizana. Wala hakuna aliyejaribu kulificha. Watu walikuwa wameketi wakilisubiri. Chemko lisilosikika limeingia saa ngapi si chemko.

Taarabu inatoa mfano ulio karibu zaidi na mashine. Ganuni, ambayo vikundi kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club vimeitunza, ina nyuzi zaidi ya sabini zilizopangwa tatu tatu kwa kila noti. Upande wa kushoto, karibu na vigingi, pana vipande vidogo vya chuma. Ukikiinua kimoja, kinafupisha uzi na kupandisha noti kwa kiasi kidogo, hata chini ya nusu toni. Mpigaji anapohama kutoka maqamu moja kwenda nyingine, mkono wa kushoto hugeuza vipande hivyo huku wa kulia ukiendelea kupiga. Pengo hakuna. Lakini badiliko linasikika wazi, na mwenye sikio la maqamu hulipokea kama habari. Hiyo ni snapshoti iliyotengenezwa kwa chuma, na haikumfundisha mtu yeyote kwamba kuhama ni aibu.

Mbona basi wapiga gitaa wa leo wanataka kuhama kimyakimya? Nadhani sababu mojawapo ni mahali tunapojifunzia. Huku Chukwani nyumba zimekaribiana, watoto wanalala mapema, na adhana ina heshima yake. Mtu hufanya mazoezi usiku kwa spika za masikioni, peke yake. Sauti anazotengeneza zinapimwa dhidi ya sauti zake nyingine, wala si dhidi ya ngoma, kinanda na mwimbaji. Tena sikio halisikii sawa katika kila kiwango. Fletcher na Munson walishalionesha mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, besi hupungua masikioni kuliko sauti za katikati. Sauti iliyokamilika chumbani hufika jukwaani na besi inayovuma na solo iliyozama. Mpigaji hudhani kosa ni la kuhama ghafla, akazidi kulainisha, kumbe alichohitaji ni kupanga viwango vyake kwa sauti ya jukwaani, akiwa na wenzake.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ujira. Mtu mmoja mwenye mashine moja anaweza kutoa sauti ambazo zamani zilihitaji watu wanne. Mwenye hoteli akilijua hilo, atamwajiri mmoja na kumwekea midundo iliyorekodiwa. Kazi ya mtu huyo ni kutomsumbua mgeni anayekula, na kwa kazi hiyo ulaini ni sifa kweli. Simlaumu anayeikubali, kwani kodi ya nyumba hailipwi kwa chemko. Lakini tusikichukue kipimo cha chumba cha chakula tukakifanya kipimo cha muziki.

Wala sisemi turudi kwenye amplifaya za taa. Ni nzito, ghali, na hewa ya chumvi haizipendi. Kijana wa kisiwani mwenye mashine ya mkononi ana sauti ambazo wazee wake hawakuwahi kuzigusa, na hilo ni jema. Ninachotaka ni aitumie kama mpiga ganuni anavyotumia vyuma vyake. Aondoe pengo kabisa. Kisha ajiulize, kwa kila kitufe, nani anaingia na nani anampisha. Snapshoti ya solo ikiwaka, ile ya ridhimu imekwenda wapi, na mwenzake wa kinanda anajua? Akiweza kujibu, basi akanyage waziwazi, na watu wasikie kwamba wimbo umefika mahali pengine.