Wafanyakazi wa Wonka: Rangi Ilibadilika, Ajira Ikabaki Ileile

Aghalabu tunapofunza usawiri wa wahusika, macho yetu huelekea kwa mhusika mkuu. Katika Charlie and the Chocolate Factory, hadithi ya watoto ya Roald Dahl iliyochapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1964, mhusika huyo ni Charlie Bucket, mtoto wa familia fukara anayepata tikiti ya kuzuru kiwanda cha chokoleti cha Willy Wonka. Makala haya yanadhamiria kuwachunguza wahusika wanaokiendesha kiwanda chenyewe, yaani Oompa-Loompa, viumbe wa kubuni wa kimo kifupi mno. Hoja yetu ni kwamba wahusika hawa wamefanyiwa marekebisho mengi kitabuni na katika filamu, lakini marekebisho hayo yaligusa sura yao kuliko hali yao ya kazi.

Katika toleo la 1964, Oompa-Loompa walikuwa mbilikimo Weusi waliotolewa katika msitu wa Afrika. Dahl hakuwa mgeni wa bara hili. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia aliishi Dar es Salaam akiifanyia kazi kampuni ya mafuta ya Shell, na akajifunza Kiswahili. Hata hivyo, Afrika ya hadithi hii ni pori tupu. Ilipojulikana kwamba kitabu kingegeuzwa filamu, NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani Weusi, kililalamika. Filamu ya 1971, iliyoongozwa na Mel Stuart, iliwapa ngozi ya rangi ya chungwa na nywele za kijani. Dahl naye alirekebisha kitabu, na katika toleo la 1973 wakawa weupe wenye nywele za hudhurungi ya dhahabu, wenyeji wa nchi ya kubuni iitwayo Loompaland.

Je, ni nini ambacho hakikubadilika? Kitabuni, Wonka aliwafuta wafanyakazi wake wa awali baada ya wapelelezi wa washindani wake kuiba siri za peremende zake. Nafasi zao zikachukuliwa na Oompa-Loompa, waliosafirishwa ndani ya masanduku yaliyotobolewa matundu. Ujira wao ni kakao. Hakuna aonekanaye akiingia wala kutoka langoni. Isitoshe, ni wao wanaofanyiwa majaribio: ishirini walipewa chingamu wakageuka kuwa beri, na mzee mmoja alikunywa kinywaji cha kumpaisha mtu, akapaa asirudi tena. Haya yote Wonka huyasimulia kama vichekesho.

Yamkini msomaji atasema kwamba hii ni fantasia, na kwamba hata katika ngano zetu hatumuulizi sungura kuhusu mshahara. Pingamizi hili lina uzito, ila hadithi yenyewe inalijibu. Baba yake Charlie anafanya kazi ya kufunga vifuniko vya dawa ya meno. Kiwanda chake kinapofungwa, familia nzima inakabiliwa na njaa. Kwa hivyo, mwandishi anafahamu fika maana ya ujira na maana ya kuukosa. Ufahamu huo anautumia kwa baba Charlie na kuusahau kwa Oompa-Loompa.

Tuzitazame pia nyimbo zao. Kila mtoto mtundu anapopatwa na adhabu, Oompa-Loompa huimba, wakitekeleza jukumu la wimbo katika ngano: kutoa funzo. Wanamkejeli Augustus Gloop kwa ulafi na Mike Teavee kwa kutekwa na televisheni. Lakini hawaimbi hata mara moja kuhusu masaibu yao. Wana sauti ya pamoja bila kauli yao wenyewe, na ndiyo maana wanabaki wahusika bapa.

Filamu ya Tim Burton ya 2005 inaleta mgogoro wa kuvutia. Deep Roy, mwigizaji mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Nairobi, aliwaigiza Oompa-Loompa wote, na teknolojia ikamzidisha akawa umati. Sauti zinazoimba ni za mtunzi Danny Elfman. Wafanyakazi hapa wanafanana kiasi kwamba mmoja hawezi kutofautishwa na mwenzake. Hata hivyo, filamu hii inamfanya babu yake Charlie kuwa mmoja wa waliofutwa, na mwishoni inafichua kwamba msimulizi ni Oompa-Loompa. Hiyo ni hatua kubwa, ingawa kisa anachosimulia si chake.

Katika Wonka ya 2023, iliyoongozwa na Paul King, Oompa-Loompa aliyeigizwa na Hugh Grant ana jina, Lofty, na ana dai. Wonka alichukua kakao ya kwao Lofty akiwa kwenye zamu ya ulinzi, naye akaadhibiwa kwa uzembe. Anakuja kudai deni. Kwa mara ya kwanza katika filamu hizi, utajiri wa Wonka unatazamwa kwa jicho la aliyeporwa. Lakini Lofty yuko peke yake, na baadhi ya waigizaji wa kimo kifupi walilalamika kwamba nafasi hiyo alipewa mtu mrefu aliyepunguzwa kwa kompyuta. Mwaka huohuo wachapishaji Puffin walibadilisha maneno kitabuni ili Oompa-Loompa wasiitwe wanaume bali watu. 

Mwalimu mwenzangu, hatuhitaji kukitupa kitabu hiki wala kuwazuia wanafunzi kucheka. Tunahitaji kuwapa maswali: Ni nani anayelipwa, na kwa nini? Ni nani anayeweza kuacha kazi akaenda zake? Ni nani anayezungumza akiwa peke yake? Maswali haya yatawafaa pia katika riwaya na tamthilia tunazozifunza, ambamo mayaya, mabawabu na vibarua huingia jukwaani, wakapokea amri na kutoka. Wengi wa wanafunzi wetu ni watoto wa watu hao. Wanastahili kufunzwa uhakiki unaowaona wazazi wao.