Mahali na Wakati katika Kitabu cha Padri Kagame

Tangu Padri Alexis Kagame wa Rwanda alipotoa kitabu chake La philosophie bantu-rwandaise de l'être, huko Bruxelles mwaka wa 1956, wanafunzi wengi wa filosofia wamelitaja neno lake ahantu kana kwamba ni ufunguo wa kila mlango. Sisi twakipenda kitabu hicho. Na kwa sababu twakipenda, twataka kukipima: kina nguvu wapi, na kinapungukiwa wapi?

Kwanza tukumbuke kazi yenyewe. Mwaka wa 1945 Padri Placide Tempels, mmisionari Mfransisko, alikuwa ametoa huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kitabu juu ya filosofia ya Wabantu. Alisema kwamba kwa Mbantu kuwa ni kuwa na nguvu. Padri Kagame hakutosheka. Aliuliza: hayo twayajuaje? Akajibu: tuangalie luga, kwani mababu waliacha mawazo yao ndani yake. Akapata makundi manne ya vitu vyote vilivyoko: umuntu, ndicho chenye akili, ikintu, ndicho kisicho na akili, ahantu, ndipo mahali na wakati, ukuntu, ndiyo namna ya kuwa. Aristoteli aliweka mahali mbali na wakati. Padri Kagame anaviunganisha, kwa maana kila mwendo hutokea mahali fulani na saa fulani, na kwa hayo mawili pamoja twautambua kati ya miendo mingine.

Tusidharau jambo hilo. Kiswahili chetu chalishuhudia vilevile. Twasema «hapo sokoni», tena twasema «hapo zamani». Twasema mahali ni karibu, na Pasaka ni karibu. Mwandishi ameona kitu kilichokuwa kinywani mwetu kila siku wala hatukukiangalia.

Lakini hapa ndipo shaka yetu inapoanzia. Wengine husema: tazama, mababu walijua mbele ya wataalamu wa Ulaya kwamba mahali na wakati ni kitu kimoja! Hapana. Mwaka wa 1908 Hermann Minkowski, akifuata kazi ya Einstein ya mwaka wa 1905, aliunganisha urefu, upana, kimo na wakati katika hesabu moja ya vipimo vinne. Alifanya hivyo kwa ajili ya mwendo wa nuru, si kwa ajili ya sarufi. Tena hata katika hesabu ile wakati hauandikwi sawasawa na urefu. Alama yake ni nyingine. Kusifu mababu kwa jambo wasilolitafuta si kuwaheshimu.

Shaka ya pili ni kubwa zaidi. Tuchukue neno moja tu, «mbele». Twasema: «mbele ya Pasaka tulifunga», na Pasaka imekwisha pita. Twasema pia: «safari ingali mbele yetu», na safari haijaja. Neno ni lilelile; mara moja laonyesha mambo ya kale, mara nyingine mambo yatakayokuja. Sarufi peke yake haiwezi kutuambia ni lipi. Katika usemi wa kwanza twapanga mambo kama watu katika njia: aliye mbele ndiye aliyetangulia kufika. Katika usemi wa pili mtu mwenyewe anasimama njiani na kutazama anakokwenda. Basi wakati hauonekani katika neno la mahali mpaka awepo mtu anayekumbuka na kungoja. Ahantu yahitaji umuntu. Kitabu kimeviweka katika makundi mawili, lakini hakielezi vya kutosha namna kimoja kinavyomtegemea mwenzake.

Mtakatifu Augustino aligusa jambo hilo katika Maungamo, kitabu cha 11. Yaliyopita hayapo tena, yatakayokuja hayajakuwapo, na sasa haina urefu. Twapima nini, basi? Alijibu kwamba twapima ndani ya roho: kukumbuka, kuangalia na kungojea. Mtu anayeimba zaburi aijuayo, kadiri anavyoendelea, kungoja kwake kwapungua na kukumbuka kwake kwaongezeka. Bergson naye, mwaka wa 1889, aliwaonya wasomi kwamba tukiutandaza wakati kama kamba iliyonyoshwa, twapoteza ule wakati tunaouishi.

John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka wa 1969, alikwenda upande mwingine. Aliona kwamba kwa Mwafrika wa desturi wakati ni sasa na zamani, na kwamba siku za mbali zijazo karibu hazipo. Naye alitegemea sana nyakati za vitenzi. Lakini mtu anayepanda kahawa hungoja miaka mitatu au minne mbele ya kuvuna vizuri. Kungoja kwake kupo, hata kama kitenzi hakikutengenezewa.

Mambo haya si mchezo wa darasani. Mkatekumeni huuliza: «Mbele ya kuumba ulimwengu, Mungu alikuwa akifanya nini?» Katekista akidhani kwamba wakati ni mahali patupu palipokuwapo tangu awali, atatafuta kazi ya kumpa Mungu katika siku zile. Augustino amjibu: hapakuwa na siku zile, kwani wakati nao umeumbwa. Hivyo hata «milele» tusiifundishe kama njia ndefu isiyokwisha. Boesio aliieleza kuwa ni uzima usio na mwisho unaoshikwa wote pamoja, mara moja.

Hukumu yetu ndiyo hii. Padri Kagame alifanya vema kuanzia katika luga, na mtu asiyemsoma ajinyima mengi. Lakini luga huonyesha mahali pa kuchimba. Haichimbi kwa niaba yetu. Kila mmoja aikusanye misemo ya kwao juu ya mbele, nyuma, jana na kesho. Kisha aulize: ni nani asemaye, naye amesimama wapi?