Bata Mzinga wa Scrooge

Kitabu cha Charles Dickens kiitwacho A Christmas Carol kilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za kwanza ziliisha kabla ya sikukuu yenyewe. Washarika wengi wanaijua hadithi hiyo kupitia filamu: mzee bahili, Ebenezer Scrooge, anatembelewa usiku na mizimu, na asubuhi ya Krismasi anaamka mtu mpya. Wahubiri huiazima mara kwa mara, wala sioni ubaya. Ila nadhani tunaisifu mahali pasipostahili sifa kubwa. Tunamshangilia Scrooge kwa sababu ya bata mzinga aliyempelekea karani wake, Bob Cratchit, na kumbe tendo lake gumu zaidi la siku ile tunalipita bila kulitazama.

Tuanze na meza ya Bob, maana ndiyo sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Bob analipwa shilingi 15 kwa juma na ana watoto sita. (Kitabu chenyewe kiliuzwa shilingi 5, theluthi ya mshahara wake wa juma, kwa hiyo kina Bob wa kweli hawakukinunua.) Nyumbani hawana tanuri, hivyo bata bukini wao anapelekwa kuokwa kwa mwoka mikate, kama walivyofanya maskini wa London wakati ule. Pudingi inachemshwa katika chombo cha kuchemshia nguo, na ikifunguliwa inatoa kwanza harufu ya siku ya kufua. Bata hatoshi, anaongezewa viazi na rojo ya matofaa. Pudingi nayo ni ndogo kwa watu wengi hivyo, lakini hakuna hata mmoja anayesema wala kuonyesha kuwa ni ndogo. Mama yeyote aliyewahi kugawa kuku mmoja kwa watu kumi anaujua ukimya huo. Dickens naye aliujua umaskini: mwaka 1824 baba yake alifungwa gereza la Marshalsea kwa sababu ya madeni, na yeye, mtoto wa miaka 12, alikuwa akibandika karatasi kwenye vichupa vya rangi ya viatu.

Wapo wanaolalamika kwamba kitabu hiki kina chakula kingi na hori halimo. Nakubaliana nao nusu. Bwana wetu anatajwa kwa kupita tu, lakini anatajwa mahali penyewe hasa. Tim, kitinda mimba aliye kiwete, anarudi kanisani mabegani mwa baba yake, akitumaini kwamba watu waliomwona pale walimkumbuka yule aliyewawezesha viwete kutembea.

Sasa turudi kwa bata mzinga. Scrooge anamnunua yule mkubwa kuliko wote, anampakiza kwenye gari la farasi na kumpeleka Camden Town bila kutaja jina lake. Tutasema ni sadaka ya siri, kama Mathayo 6 inavyofundisha. Ni kweli, na Nehemia 8:10 pia inawaagiza watu wale vinono na kuwapelekea sehemu wasiotayarishiwa kitu. Kupeleka si dhambi. Lakini katika Luka 14 Yesu, akiwa mgeni mezani kwa Farisayo, anamwambia mwenyeji wake kwamba akifanya karamu asiwaite rafiki, jamaa na majirani matajiri. Awaite maskini, vilema, viwete na vipofu. Hapo hasemi wapelekewe, anasema waitwe. Tim ni kiwete. Scrooge anampelekea nyama, na sikukuu inapita bila wawili hao kuketi pamoja.

Je, yeye mwenyewe anakula wapi? Kwa Fred, mtoto wa marehemu dada yake. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kuliko Mwingereza, maana sisi tunajua mjomba ni nani. Kila Krismasi mpwa huyu alimwalika mjomba wake, na kila mwaka mjomba alimkataa mtoto aliyeachwa na dada yake. Siku ile Scrooge anapita mbele ya mlango wa Fred mara nyingi kabla ya kupata ujasiri wa kubisha. Kununua bata hakukumpa hofu hata kidogo. Hofu ilimpata alipotakiwa kuingia mikono mitupu na kula chakula cha mtu mwingine. Dickens analipitisha jambo hili kwa mistari michache tu, na naona ameharakisha.

Sharika zetu nyingi sasa zina desturi ya vikapu vya Krismasi: mchele, mafuta, sukari, pengine na kanga. Vinafikishwa kwa wajane na wazee, picha inapigwa, gari linaondoka. Tarehe 25 mjane anapika mchele ule na kula peke yake, nasi tuko kwetu na jamaa na rafiki, masufuria yamejaa. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyeketi kwake akala alichopika. Natamani mahubiri yetu yaache kidogo kumsifu Scrooge wa dukani, yamtazame yule aliyesimama mlangoni akiogopa kubisha.

Hata kitabu chenyewe kinatoa ushahidi dhidi ya bata yule. Meza ya kina Cratchit Scrooge aliiona mara moja, akiwa na mzimu, wakati hakuna aliyeweza kumwona. Kesho yake, tarehe 26, Bob anafika kazini amechelewa dakika 18 na nusu. Anaingia akiwa amekwisha kuvua kofia, anarukia kiti chake, anaandika kwa haraka kama vile atazikamata dakika zilizopita. Mwajiri anapomsogelea na kumtangazia nyongeza ya mshahara, anatetemeka na kusogea karibu na rula, akiwaza kumpiga nayo. Jana yake alikula bata wa mtu huyo huyo, wala hakujua.