Mguu Uliovunjika na Mguu Utetemao

Ukimwuliza mtu wa po pote mchezo wa Wagiriki ni upi, atakutajia ule wa sinema Zorba the Greek: wanaume wawili pwani, mikono mabegani, waanza polepole na kuishia mbio. Mchezo huo waitwa sirtaki, na wengi hudhani umetoka kwa mababu. Sivyo. Ulitungwa kwa ajili ya sinema hiyo, iliyotoka mwaka 1964, Michael Cacoyannis akiiongoza na Mikis Theodorakis akitunga muziki. Jina tu ndilo lenye ukoo: latoka katika sirto, mchezo wa zamani wa kukokota miguu. Anthony Quinn, aliyemwigiza Zorba, alisimulia kwamba siku zile alikuwa amevunjika mguu, hata hakuweza kurukaruka. Basi akaukokota mchangani, na kukokota kule kukawa mchezo.

Hatusemi ni mchezo mbaya. Muziki wake wamwinua hata mgonjwa kitandani. Lakini twasikitika vyama vya Wagiriki wa ugenini, Melbourne au Chicago, vikiutanguliza huo mbele ya wageni kama cheti cha kabila. Wageni hupiga makofi kwa kuwa ndio walioujua tangu zamani. Na mtoto aliyezaliwa kule, ambaye lugha ya nyanya yake yamponyoka mdomoni, ajifunza kuwa Mgiriki jinsi wageni wanavyopenda awe.

Tuweke kando yake mchezo mwingine, nao pia ni wa mguu mbovu. Watu wa kisiwa cha Kalymnos waliishi kwa kuzamia sifongo, kitu kile tukisikiacho katika Injili ya Mateso, kilichochovywa katika siki. Kwanza walizama kwa pumzi zao tu. Katika karne ya 19 ikaja nguo ya kuzamia yenye kofia ya shaba, hewa ikiletwa kwa pampu kutoka chomboni. Sasa mtu aliweza kukaa kilindini muda mrefu. Lakini akipanda upesi, hewa iliyoingia katika damu yake hutoka povu, kama chupa ya bia inapofunguliwa. Wengi walikufa, wengi walirudi nyumbani wamepooza. Tangu mwaka 1905 Wagiriki wa visiwa hivyo walihamia Tarpon Springs, katika Florida, Marekani, kwa kazi ile ile na hatari ile ile.

Mchezo wa Kalymnos uitwao mihanikosi ndio ukumbusho wao. Anayeongoza mstari ashika fimbo, miguu yatetema, kila hatua ni shida. Wenzake nyuma yake hawamwachi wala hawamtangulii. Wapunguza mwendo wamfuate yeye aliye dhaifu. Kwetu sisi hapo ndipo uzuri wote ulipo. Kwa hiyo kijana anayetetema kupita kiasi jukwaani ili watu wacheke ameuharibu, hata kama hatua zake hazina kosa.

Mtu atasema: na huu pia si wa kale! Kweli. Hauwezi kuwa mkubwa kuliko nguo za kuzamia zenyewe. Basi umri si kipimo. Twauliza mguu ni wa nani. Mguu wa Quinn ulikuwa wa mwigizaji mmoja, nao ukapona. Mguu wa mihanikosi ni wa babu wa mtu fulani aliyemo mstarini.

Jambo la pili latusumbua zaidi. Tarehe 15 Agosti, sikukuu tunayoiita sisi Kupalizwa kwa Bikira Maria, na ndugu zetu Waortodoksi huiita Kulala kwa Mama wa Mungu, vijiji vya Ugiriki hutoka kanisani na kucheza kwa duara. Duara lile lina mlango: mkiani huingia mtoto, mjane, hata mgeni asiyejua hatua, naye hujifunza kwa kushikwa mkono. Jukwaa huufunga mlango huo. Wachezaji hupangwa kuwatazama watu, mavazi yamepigwa pasi, na nyanya aliyeyajua yote hukaa kitini akitazama. (Katika parokia zetu pia twawaona vijana wakicheza mbele ya Askofu huku macho yao yako kwa mpiga picha.) Wengi wetu twawajua Wagiriki kwa duka na kwa samaki wa Kasenga tu, lakini shida hii yao twaifahamu bila kufundishwa.

Vyama hivyo twavisihi neno moja. Kabla ya mihanikosi, mzee mmoja asimame aeleze kwa nini mguu watetema, kwa Kigiriki na kwa lugha ya nchi ile, watoto wakisikia. Halafu mstari ushuke jukwaani, uzunguke kati ya viti, na kila atakaye ashike mkono wa mwisho. Sirtaki na ipigwe baadaye, chupa zikisha kufunguliwa.