Papa si Baba Aliyekosewa: Lafudhi katika Uigizaji wa Charles Bukeko

Vichekesho vya televisheni havijapewa uzito unaostahili katika uhakiki wetu. Vinapoguswa, lafudhi ya mhusika huhesabiwa kuwa kosa la matamshi lililotiwa ili watu wacheke. Makala haya mafupi yanaipinga rai hiyo kwa kumchunguza Charles Bukeko (1962–2020), mwenyeji wa Busia, aliyekuwa mhusika mkuu wa mchezo wa Papa Shirandula katika televisheni ya Citizen kwa zaidi ya miaka kumi.

Tuanze na jina. Lubukusu, lugha ya Bungoma na ya wakazi wengi wa pande za Kitale, haina vipasuo ghuna /b/, /d/ na /g/ isipokuwa baada ya ving'ong'o. Ndiyo sababu Mbukusu asemaye Kiswahili aweza kutamka 'kari' badala ya 'gari'. Mtazamaji wa Nairobi aliyezoea matamshi hayo huisikia 'papa' kuwa ni 'baba' iliyoharibika. Wa Mombasa huenda akamkumbuka samaki. Wa Bungoma hasikii kosa lolote, kwani katika lugha yake papa ndiye baba. Neno ni moja, masikio ni matatu.

Hata hivyo, lafudhi si kiini cha kichekesho. Shirandula ni mlinzi wa lango anayemficha mkewe, Wilbroda, kazi yake halisi. Nyumbani ni mtu wa suti na wa ofisini. Kazini huvaa sare. Dhamira hapa ni aibu ya tabaka: mtu anayelisha nyumba yake kwa kazi ya halali lakini haoni fahari kuitaja. Suti hudanganya, ulimi haudanganyi. Kwa hiyo lafudhi, badala ya kuwa doa, ndiyo sehemu ya mhusika isiyosema uongo.

Si kwamba mchezo huu hauna kasoro. Kumweka Mluyia langoni ni mazoea ya zamani ya vichekesho vyetu, na Papa Shirandula haukuyavunja. Mtoto wa Kitale anayechekwa darasani kwa 'kari' yake hulipa sehemu ya gharama ya kicheko hicho.

Basi ni juu yetu walimu kupambanua. Atakayemsahihisha mtoto huyo na ajue kwanza kwamba ulimi wake unafuata kanuni, na kwamba si kila 'papa' ni 'baba' iliyokosewa.